Silabi Mia Mbili na Tatu za Tak Yeon-sil

Kabla hajawa mtu wa kompyuta, Tak Yeon-sil alikuwa mtu wa risasi. Si risasi ya bunduki, bali madini yale laini yanayoyeyushwa na kumiminwa yawe herufi. Aliingia katika kiwanda cha uchapaji cha Mzee Je, mtaa wa Namsan mjini Daegu, mwaka 1963, akiwa na miaka kumi na sita. Kwa miaka ishirini na saba alishinda amesimama mbele ya kabati za vijisanduku, mkono wa kushoto umeshika karatasi ya mwandishi na kitreyi cha mbao, mkono wa kulia ukichomoa vipande vya risasi kimoja baada ya kingine.

Kabati hizo zilijaza ukuta mzima mpaka darini, na hazikujaa bure. Mkorea akiandika, silabi nzima huipanga ndani ya mraba mmoja: konsonanti, irabu ubavuni au chini yake, na mara nyingine konsonanti ya pili iliyobanwa kwa chini. Kwa hiyo kila silabi ilikuwa na kipande chake, na kila kipande kilikuwa na kijisanduku chake. Yeon-sil alivijua vijisanduku vyote kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Siku za sikukuu wenzake walimfunga taulo machoni, wakamtajia jina la mtu, naye akalichomoa lote bila kupapasa. Muuza mikate wa jirani, aliyeweka dau mara mbili kwamba atakosea, mara zote mbili aliacha mikate yake pale.

Silabi ikikosekana kabatini, Mzee Je hakuwa na neno "hakuna". Alichukua vipande viwili, akavisaga kwa tupa, hiki akibakisha konsonanti na kile irabu, akaviunganisha vikawa kimoja. Kazi hiyo alimfundisha Yeon-sil peke yake, kwa sababu wengine, alisema, walikuwa na mikono ya kufinyanga maandazi.

Mzee Je alipofariki, kiwanda kikawa cha mwanawe, Cheol-gyu, na mwaka 1990 Cheol-gyu akauza risasi yote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ilichukua siku tatu kuitoa. Wanawake wanne waliokuwa wakichomoa herufi pamoja na Yeon-sil waliondoka wiki ile ile. Mmoja akaenda kufungua kibanda cha tambi, mwingine akarudi kwao kulima. Yeon-sil hakuondoka. Ukuta ule ulikuwa mweupe sasa, una alama za misumari tu, na mbele yake zilikaa kompyuta tatu.

Cheol-gyu, ambaye alikuwa akimwita dada tangu utotoni, alimwambia kwa upole kwamba ile si kazi ya kuanza nayo mtu wa miaka arobaini na mitatu. Alikwisha kumwajiri msichana kutoka chuo cha biashara.

"Nipe mwezi mmoja," Yeon-sil akamwambia.

Mwezi ulipokwisha, yule msichana wa chuo ndiye aliyekuwa akimuuliza maswali. Kibodi ilikuwa na vitufe vichache mno ukilinganisha na kabati za zamani: konsonanti kushoto, irabu kulia. Ulibonyeza sauti, na mashine yenyewe ikakusanya sauti hizo ndani ya mraba. Yeon-sil aliona ni kazi ya mtoto. Mumewe, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kutia nguo rangi, alitamba mtaani kwamba mkewe anaongea na mashine na mashine inamwitikia.

Mambo yakaenda hivyo mpaka vuli ya mwaka uliofuata, alipoingia Chu Gwang-sik.

Mzee Chu alikuwa tarishi mstaafu kutoka milima ya Yeongyang, mtu mwembamba, mkavu, mwenye kinywa kisichobembeleza. Alibeba begi lake la posta, na ndani yake, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, mlikuwa na madaftari kumi na sita. Kwa miaka thelathini na mmoja alipeleka barua kwa miguu kwenye nyumba za juu kabisa, zile ambazo hata mbuzi hufikiria mara mbili kabla ya kuzipandia, na kila alipopewa maji ya kunywa alisikiliza watu wanavyosema. Neno alilolisikia kule na asilolisikia mjini aliliandika, akaandika na nani alilisema, na akiwa anafanya nini. Majira ya kuchipua yaliyokuwa yakija angetimiza miaka sabini. Watoto wake walitaka kumfanyia karamu kubwa. Akawaambia hataki karamu, anataka kitabu.

Yeon-sil alianza kuyachapa madaftari siku ile ile. Ukurasa wa pili tu, mkono ukasimama.

Neno lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa: namna wanawake wa mlimani walivyosema kwamba kimchi, ile kabichi ya kuvundika kwa chumvi na pilipili, imechacha. Lilianza na silabi *sui*. Alibonyeza konsonanti, akabonyeza irabu ya kwanza, akabonyeza ya pili. Zile mbili za mwanzo zilikaa vizuri pamoja ndani ya mraba. Ile ya tatu ikabaki nje, imesimama peke yake ubavuni kama mgeni aliyefungiwa mlango. Akafuta, akarudia. Ikabaki nje. Akadhani vidole vyake ndivyo vibaya, akamwita msichana wa chuo ajaribu. Ikabaki nje.

Fundi wa kompyuta wa mtaa ule alikuwa Maeng, mwanamume mnene wa miaka thelathini na kitu aliyekuja kila Alhamisi kusafisha mashine na kula chochote kilichokuwepo. Alitazama skrini mara moja tu.

"Hiyo haimo, mama."

"Haimo wapi? Nimeibonyeza mwenyewe."

"Haimo kwenye orodha."

Akamweleza. Kompyuta haitunzi maumbo ya herufi, inatunza namba. Kila silabi imepewa namba yake, na mashine zote za nchi zinakubaliana kwamba namba fulani ni silabi fulani. Waliotunga orodha hiyo walichagua silabi elfu mbili mia tatu na hamsini, zile zinazotumika zaidi magazetini na vitabuni. Zilizobaki hazikupewa namba. Na isiyo na namba, kwa mashine, haijazaliwa.

"Zote kwa jumla ziko ngapi?" Yeon-sil akauliza.

Maeng alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya kalenda. Konsonanti za kuanzia kumi na tisa. Mara irabu ishirini na moja. Mara ishirini na nane, kwa maana chini ya silabi huweza kukaa kimojawapo kati ya vitu ishirini na saba, au kusikae kitu. Ikatoka elfu kumi na moja mia moja sabini na mbili.

Yeon-sil alitoa kichwani zile elfu mbili mia tatu na hamsini.

"Kwa hiyo zaidi ya elfu nane hazina kwao."

"Hazitumiki, mama. Ndiyo maana."

"Nani kasema hazitumiki?" Akaligonga daftari kwa kidole. "Huyu mzee katembea miaka thelathini na mmoja akizisikia."

Cheol-gyu alipopata habari, alimpigia simu Mzee Chu na kumpa shauri aliloliona la busara: pale penye silabi isiyokubali, iwekwe nyingine inayoikaribia. Badala ya *sui*, iandikwe *si*. Wasomaji wataelewa tu. Kesho yake, kabla hata kiwanda hakijafunguliwa, Mzee Chu alikuwa mlangoni na viatu vyake vya mlimani.

Hakupaza sauti. Alisema kwamba alipokuwa posta, barua ya nyumba ya juu hakuiacha nyumba ya chini kwa sababu ya uvivu wa kupanda. Kama wao hawawezi kupanda, wamrudishie mzigo wake, hana ugomvi na mtu. Akaanza kuyafunga madaftari ndani ya kitambaa.

Yeon-sil akaweka mkono wake juu ya fundo.

"Mzee, niachie wiki mbili."

"Utafanya nini kwa wiki mbili ambacho mashine haikiwezi?"

"Sijui bado."

Pengine ni kwa sababu hakumdanganya. Mzee Chu alimtazama, akamtazama tena, kisha akaliacha fundo likiwa nusu limefungwa, akaondoka bila kuaga.

Siku za kwanza alijaribu njia ya gundi. Alichapa ukurasa ukiwa na matundu, akachora zile silabi kwa kalamu ya wino, akazikata kwa wembe na kuzibandika moja moja. Ukurasa mmoja ulimla siku nzima, na ulipokauka, mistari ilikuwa imepinda kama safu ya walevi. Kitabu kilikuwa na kurasa mia sita. Akauchana.

Alhamisi Maeng alikuja, akaketi na bakuli la tambi, na katikati ya kutafuna akasema jambo ambalo kwake lilikuwa porojo tu. Ile orodha ya namba, alisema, ina safu mbili zilizoachwa wazi, tisini na nne kila safu. Ziliachwa makusudi ili kila mwenye mashine aweke vialama vyake. Kampuni nyingine huwekamo nembo zao.

Yeon-sil aliweka vijiti vyake mezani.

"Nafasi mia moja themanini na nane? Tupu?"

"Tupu. Lakini ni za nembo, mama."

"Na mimi nina nembo zangu."

Kwa siku sita alipitia madaftari yote kumi na sita, mstari kwa mstari, akiandika kila silabi isiyokuwamo kwenye orodha. Alipofika mwisho akahesabu. Akahesabu tena. Zilikuwa mia mbili na tatu. Nafasi zilipungua kumi na tano.

Yeon-sil alishika tama. Hata Cheol-gyu, aliyekuwa ameanza kuwa na hamu na jambo lile bila kukiri, alimhurumia. Alimwambia ameokoa silabi mia moja themanini na nane, zile kumi na tano ziachwe, si kitu. Yeon-sil hakubishana. Alimpa orodha na kalamu, akamwomba achague za kuacha. Cheol-gyu akaketi, akasoma maneno yaliyobeba kila silabi. Moja lilikuwa jina la ukungu unaokaa bondeni bila kupanda. Lingine lilikuwa sauti ya kumwita ndama. Lingine lilikuwa hali ya mtoto aliyeweza kusimama lakini anaogopa kuketi. Akatia alama tatu. Kisha akazifuta mwenyewe, akairudisha kalamu, akaenda kuwasha mashine ya kuchapa ambayo haikuwa na kazi ya kufanya.

Jibu lilimjia Yeon-sil akiwa amesimama mbele ya ule ukuta mweupe. Alikumbuka kwamba enzi za risasi hakuna kitabu kilichopangwa chote kwa mara moja. Nani angekuwa na risasi kiasi hicho? Ulipanga kurasa kadhaa, ukazichapa, kisha ukavirudisha vipande kwenye vijisanduku vyao, na vipande vile vile vikafanya kazi ukurasa unaofuata. Akaigawa orodha. Nusu ya kwanza ya kitabu ilihitaji silabi mia moja kumi na mbili. Nusu ya pili ilihitaji mia moja ishirini na moja, na thelathini kati yake zilikuwamo katika zote mbili. Kila nusu ilienea.

"Tunazijaza nafasi, tunachapa nusu ya kwanza," alimwambia Maeng kwenye simu. "Tukimaliza tunazimwaga, tunazijaza upya, tunachapa ya pili."

Penseli ya Maeng ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Hilo halikunijia kabisa," Maeng akasema. Na kwa mara ya kwanza alikuja siku isiyo Alhamisi, na hakuulizia chakula.

Wiki mbili zilipokwisha, Mzee Chu aliletewa mlangoni karatasi moja yenye mstari mmoja wa majaribio. Alijibu kwa barua ya maneno mawili: endeleeni basi.

Kuchora kulichukua miezi mitatu. Kila silabi ilipaswa kuwa mraba wa nukta, arobaini na nane kwa arobaini na nane, na kila nukta iamuliwe, nyeusi au nyeupe. Yeon-sil alichora kwenye karatasi ya hesabu saa za chakula cha mchana na siku za Jumapili, na Maeng akaziingiza kwenye mashine. Mtu mwingine angetwaa konsonanti ya silabi moja na irabu ya nyingine na kuzisukuma pamoja. Yeon-sil alijua zinavyokaa. Konsonanti yenye irabu ubavuni huwa nyembamba, yenye irabu chini hulala na kutanuka, na yenye mzigo wa konsonanti nyingine chini lazima ijikunyate bila kuonekana imeonewa. Zile zilizomkera alizichora mara nane, mara tisa. Binti yake Hye-rim, aliyekuwa sekondari, alilalamika kwamba mama yake sasa anatazama hata supu kama nukta.

Kitabu kilitoka Aprili, siku nne kabla ya siku ya kuzaliwa ya Mzee Chu.

Karamu ilifanyika hata hivyo, kwa sababu watoto wa Mzee Chu hawakumsikiliza. Uani kwake kulitandikwa mikeka, pakawa na supu ya mwani, keki za mchele na nyama ya kuchoma, na wazee walishuka kutoka nyumba za juu wakiwa wamevaa vizuri. Yeon-sil na Maeng waliketi pembeni na masanduku ya vitabu. Wa kwanza kufungua kitabu alikuwa Bibi Pil-nam, mwenye miaka themanini na minne, ambaye hakuwahi kukanyaga shule na alijifunza kusoma kanisani akiwa na wajukuu. Alipeleka kidole chini ya mstari, polepole, akitamka silabi kwa silabi. Alipofika kwenye neno la kimchi iliyochacha, alilisoma, akalisoma tena kwa sauti kubwa.

"Huyu ni mimi," akasema, akiwaonyesha wenzake ukurasa. "Hivi ndivyo ninavyosema mimi. Mkwe wangu wa mjini hunicheka kila siku, kumbe nimo kitabuni."

Basi uwanja ukavurugika. Wazee walinyang'anyana vitabu, wakasomeana, wakashindana nani jina lake limo mara nyingi zaidi. Mmoja alidai neno fulani ni la kwao wala si la ng'ambo ya kijito, na wa ng'ambo ya kijito akamwambia akalale. Walicheka mpaka wakafutana machozi.

Mzee Chu hakusema asante. Aliinuka, akaja na birika la pombe ya mchele hadi pembeni walipoketi, akapiga magoti mbele ya Yeon-sil na kummiminia bakuli kwa mikono miwili, namna mtu anavyommiminia mkubwa wake. Alikuwa amemzidi umri kwa zaidi ya miaka ishirini. Uwanja mzima uliona, na kelele zikapungua kidogo. Yeon-sil alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akalimaliza lote, yeye ambaye hakuwa mnywaji.

Habari za kitabu zilifika mbali kuliko walivyotarajia. Majira ya baridi taasisi moja ya Seoul iliyokuwa ikikusanya maneno kwa ajili ya kamusi iliomba diski zake, ili wasichape upya kurasa mia sita. Yeon-sil alizifunga kwa sufi na kuzipeleka posta mwenyewe. Baada ya wiki moja mwanamke wa taasisi hiyo, Seonwoo Ae-gyeong, alipiga simu. Kwa heshima zote alisema kwamba kitabu chao kimejaa takataka.

Pale palipopaswa kuwa na silabi zake, mashine za Seoul zilionyesha miraba mitupu, na mahali pengine mchoro mdogo wa simu, na mahali pengine nembo ya duka la mtu. Yeon-sil alielewa papo hapo. Zile nafasi mia moja themanini na nane zilikuwa za kila mtu. Namba aliyoipa *sui* kule Daegu, Seoul mtu mwingine alikuwa ameipa picha ya simu. Tena hata yeye mwenyewe alikuwa ameitumia namba moja mara mbili, huku kwa silabi hii, kule kwa ile. Kwenye karatasi kitabu chake kilikuwa kizima. Kwenye mashine za wengine hakikuwapo.

Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu akampigia Mzee Chu kumweleza, akijiandaa kutukanwa. Mzee alisikiliza, kisha akacheka, na Yeon-sil hakuwahi kumsikia akicheka.

"Kwa hiyo barua imefika mji mwingine wenye mtaa wa jina lile lile," akasema. "Hutokea. Inarudi kwa mwenyewe, anaandika anwani upya."

"Lakini anwani yenyewe haipo, mzee."

"Basi ngoja wajenge barabara. Mimi sifi kesho."

Akangoja. Hakungoja amekaa. Alitengeneza jedwali la silabi zote mia mbili na tatu: umbo lake, namba yake katika nusu ya kwanza, namba yake katika nusu ya pili, na kurasa zote zilipo. Wakati huo magazeti yalikuwa yakigombana juu ya jambo lile lile. Kulikuwa na watu ambao majina yao wenyewe hayakuandikika, wakatiwa tundu kwenye hati na vyeti. Wengine walitaka kila silabi ijengwe kwa sauti zake, wengine wakasema ile orodha yatosha. Yeon-sil alikata makala zile na kuzibandika daftarini. Hakuna aliyemuuliza maoni yake, ingawa alikuwa nayo.

Mwishoni mwa mwaka 1996 Maeng aliingia akihema, amebeba bunda la karatasi. Ilikuwa nakala ya jedwali jipya, si la Korea peke yake bali la dunia, ambamo maandishi ya kila taifa yalipewa namba zake mara moja kwa wote. Na ndani yake Wakorea walikuwa wamepewa silabi zao zote. Elfu kumi na moja mia moja sabini na mbili, zimepangwa kwa mfuatano wa alfabeti, hakuna pengo hata moja.

Yeon-sil aliketi. Akafunua kurasa taratibu, miraba midogo ikipita, silabi alizozijua na ambazo hakuna mdomo uliowahi kuzitamka, zote zimekaa sawa. Akaifikia *sui*. Chini yake palikuwa na namba.

Maeng akamwonyesha jambo jingine. Kwa kuwa hakuna pengo, namba ya silabi yoyote ingeweza kupatikana kwa hesabu, bila kutazama jedwali. Silabi zinaanza kwenye 44,032. Konsonanti ya *sui* ina tisa mbele yake, na kila moja hubeba silabi mia tano themanini na nane. Irabu yake ina kumi na tisa mbele yake, na kila moja hubeba ishirini na nane. Yeon-sil alichukua penseli, akazidisha, akajumlisha. Akapata 49,856. Akageuza karatasi, akatazama jedwalini. 49,856.

Hakuikubali programu ya Maeng ya kufanya kazi hiyo. Alizipigia hesabu silabi zote mia mbili na tatu kwa penseli, siku tatu mfululizo, na kila alipomaliza kumi Maeng alizikagua kwa mashine. Hakukuwa na kosa hata moja.

Kompyuta mpya na programu iliyojua namba hizo vilifika mapema mwaka uliofuata. Maeng aliandika maelekezo mafupi, akaliingiza lile jedwali la Yeon-sil, na kitabu kizima kikabadilika kwa muda ambao mtu hawezi hata kuchemshia tambi. Yeon-sil hakuamini kasi hiyo. Alikisoma chote tena, kurasa mia sita, wiki tatu. Ndipo akaituma diski Seoul, pamoja na nakala ya lile jedwali lake.

Simu ilipolia alikuwa anakata karatasi. Ilikuwa Seonwoo Ae-gyeong tena. Hakusema kama inafunguka au haifunguki. Aliuliza tu aanzie wapi.

"Popote unapotaka," Yeon-sil akajibu, na mkono wake ukabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

Cheol-gyu akaizima mashine kubwa. Kiwanda kikawa kimya, na ndani ya kimya hicho ikaja sauti ya mwanamke wa Seoul, mwenye lafudhi ya Seoul, akisoma maneno ya nyumba za juu za Yeongyang. Alisoma lile la ukungu wa bondeni. Alisoma la ndama. Alisoma *sui*, akaitamka sawasawa, kisha akasema kwamba hata bibi yake mzaa mama alikuwa akisema hivyo, na alikuwa amesahau. Akaendelea. Hakuacha mpaka alipozimaliza zote mia mbili na tatu, na kule Daegu hakuna aliyeketi. Alipotaja ya mwisho, Cheol-gyu alivua glavu zake na kupiga makofi, msichana wa chuo akafuata, na Maeng akainamisha kichwa, akaacha machozi yadondoke juu ya kibodi mpya. Yeon-sil alimsukuma asije akaiharibu, na yeye mwenyewe alikuwa akicheka kwa sauti ambayo watu wa mtaa wa Namsan walisema waliisikia hadi kwa muuza mikate.

Mzee Chu alipopata habari alipanda basi. Alikuwa na miaka sabini na mitano, na begini mlikuwa na daftari la kumi na saba: maneno arobaini na moja aliyokumbushwa na watu tangu kitabu kitoke. Sita kati yake yalikuwa na silabi ambazo hazikuwamo hata katika zile mia mbili na tatu. Yeon-sil alilifungua daftari kando ya kibodi na kuanza kuchapa. Kila silabi ilikusanyika ndani ya mraba wake na kutulia, moja baada ya nyingine, bila kuombwa.

Mzee alisimama nyuma yake na miwani puani, akifuatilia mstari kwa mstari, akitafuta kosa. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Hapo," akasema mwishowe. "Hapo umeniongezea nukta."

Yeon-sil akaifuta.